Utangulizi: Kuisikiliza Sauti ya Pili

Mwaka 2004 shindano la televisheni lililodhaminiwa na Coca-Cola lilizunguka Afrika Mashariki likitafuta waimbaji vijana, likaacha nyuma yake makundi matatu ya watu watatu watatu. Nairobi ilipata Sema, yaani Sanaipei Tande, Pam Waithaka na Kevin Waweru. Dar es Salaam ilipata Wakilisha, yaani Witness, Langa na Shaa. Kampala ilipata Blu*3: Lilian Mbabazi, Jackie Chandiru na Cindy Sanyu. Katika matatu hayo ni Blu*3 peke yake lililokuwa la wanawake watupu, na ndilo lililoishi muda mrefu kuliko mengine. Kibao chao "Hitaji," chenye jina la Kiswahili ingawa kilitoka Kampala, kilivuka mpaka bila kusimama forodhani.

Mtu wa Nairobi alilifuata Sema, na wa Dar es Salaam akalifuata Wakilisha. Hapa kwetu mpakani mwa Kenya na Uganda ilikuwa vingine. Msikilizaji wa Busia alikuwa na kundi la nyumbani na kundi la jirani, na jirani mwenyewe yuko ng'ambo ya geti, mahali mtu anapokwenda kununua ndizi na kurudi kabla ya chai ya saa nne. Redio za Uganda huingia Teso na Samia bila kubisha hodi, na za Kenya nazo husikika Tororo. Dereva wa lori aliyelala kwenye foleni ya Malaba husikiliza kinachoshikika, awe ametoka Mombasa au anarudi kutoka Kigali. Waandishi wa miji mikuu wamezoea kuandika muziki wa Kenya kwenye jalada lake na muziki wa Uganda kwenye jalada lake. Mtu wa mpakani hawezi kusikiliza hivyo hata akitaka. Kwa sababu hiyo naamini kwa dhati kwamba somo ninalokukaribisha hapa lina mwanzo mzuri Busia kuliko katika miji mingi yenye vyuo vikubwa na maktaba nene.

Somo lenyewe ni makundi ya waimbaji wa kike katika muziki wa kibiashara: yanavyoundwa, yanavyogawana sauti, yanavyopewa jina, yanavyolipwa, na yanavyovunjika. Ni tawi changa la taaluma ya muziki. Kwa muda mrefu makundi haya yalihesabiwa kuwa burudani nyepesi ya wasichana, kitu cha kuchezwa kisha kusahauliwa, huku vitabu vikijazwa majina ya wapiga gitaa na watunzi wanaume. Hata pale yalipoandikwa, yaliandikwa kama hadithi ya nyota mmoja aliyechomoza na wenzake waliobaki nyuma. Nataka msomaji apate tabia tofauti na hiyo, nayo ni moja tu: kila anaposikia kundi, aitafute sauti ya pili na kuifuata kokote inakomwongoza. Sauti ya kwanza inajulikana tayari. Ina picha kwenye bango. Ukiifuata ya pili utafika kwenye mambo ambayo bango haliyasemi: ni nani hasa alikuwa studio, nani aliandikwa kwenye mkataba, na nani alilipwa.

Tuanze na sikio. Nenda mazoezini mwa kwaya yoyote hapa Busia, Jumamosi jioni, ukae karibu na safu ya alto. Mwalimu ameandika solfa ubaoni kwa chaki. Sauti ya kwanza huimaliza sehemu yao upesi, maana wamepewa wimbo wenyewe, ule ambao kila mtu ataondoka akiuimba. Alto hawana bahati hiyo. Mstari mzima unaweza kukaa juu ya noti mbili au tatu zilizokaribiana, ukipanda kidogo na kushuka kidogo. Ukiuimba peke yako hauna utamu, na hakuna anayeuimba akifua nguo. Mwimbaji wa alto anapaswa kuushika huku mwenzake, bega kwa bega, akimvuta kwenda juu kwa kila neno. Wanawake wengine huziba sikio moja kwa kidole ili wasipotee. Sasa mwombe mwalimu awanyamazishe alto kwa ubeti mmoja, wengine waendelee. Soprano ni wale wale, noti ni zile zile, lakini wimbo umekonda. Warudishe alto, na yule mwimbaji uliyedhani ana sauti nzito ataipata tena. Sehemu kubwa ya uzito wake ilikuwa ya mama aliyesimama nyuma yake.

Nje ya kanisa mgawanyo ni mwingine. Katika nyimbo za Kiluhya na za Kiteso zinazoimbwa mikesha ya msiba na siku za harusi, mwanzishi hutupa maneno na waitikiaji huyapokea. Mgeni husikia mwanzishi tu, kwa kuwa ndiye anayebadilisha maneno, anayewataja watu na kuwachokoza wakwe. Lakini mwendo unashikwa na waitikiaji. Wao ndio wanaoamua wimbo utaongeza kasi lini na utakufa lini, na mwanzishi asiyeitikiwa hubaki akihutubia hewa. Wasichana wanaokulia katika nyimbo hizi wanafika shule ya msingi wakiwa wameshajua kusikilizana. Kisha huja mashindano ya Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, ambako waamuzi hutoa alama kwa namna sauti zinavyooana, wala hawamtafuti mtu mmoja wa kung'aa. Mafunzo haya ni ya miaka mingi na hayalipiwi na kampuni yoyote ya kurekodi. Makampuni huyakuta tayari.

Nayasema haya kabla ya kufika Marekani kwa makusudi. Ni rahisi mno kuandika kwamba makundi yetu ni nakala. Umbo la shindano lile la 2004 kweli lilitoka mbali. Kipindi mama, Popstars, kilibuniwa New Zealand, na kundi lake la kwanza, TrueBliss, mwaka 1999, lilikuwa la wasichana watano. Toleo la Marekani likazaa Eden's Crush mwaka 2001, nalo la wasichana watano, mmoja wao Nicole Scherzinger ambaye baadaye aliongoza Pussycat Dolls. Kundi lenyewe halikumaliza miaka miwili. Uingereza ikawapata Girls Aloud mwaka 2002. Afrika Kusini ikawapata Jamali, wanawake watatu, mwaka ule ule wa Blu*3. Kwa hiyo wasichana waliopanga foleni Kampala walikuwa wakiingia katika mtambo uliokwisha kujaribiwa mabara kadhaa. Ila mtambo huo hufanya kazi ya kuchagua tu. Haumfundishi mtu kushika sauti ya pili. Hiyo walikuja nayo wenyewe.

Marekani inatufaa kwa jambo jingine: huko kumbukumbu za makundi haya zimehifadhiwa vizuri, kesi zimesikilizwa mahakamani, na waliohusika wameandika vitabu. Tunaweza kuona mchana kweupe mambo ambayo kwetu bado yanasemwa chini chini. Mfano ambao kila mwanafunzi wa somo hili lazima apitie ni wa The Supremes wa Detroit. Mwaka 1959 walikuwa wasichana wanne wa mtaa walioitwa The Primettes, na msichana aliyekuwa kiini cha kundi ni Florence Ballard, mwenye sauti kubwa kuliko wote. Walipopata mkataba na Motown mwaka 1961 na kutakiwa kubadilisha jina, Ballard ndiye aliyechagua The Supremes kutoka kwenye orodha waliyopewa. Baadaye wakabaki watatu: yeye, Mary Wilson na Diana Ross. Kuanzia mwaka 1964 nyimbo zao zilishika nafasi ya kwanza kwenye chati ya Billboard mara 12, nyingi zikiwa zimetungwa na Holland, Dozier na Holland, wanaume watatu waliofanya kazi nyuma ya pazia.

Sauti ya Ross ilikuwa nyembamba na yenye makali, ikipenya vizuri kwenye redio ndogo za magari. Motown ilimweka mbele, na kibiashara haikukosea. Lakini zisikilize rekodi za 1964 hadi 1966 kwa sikio la alto. Wilson na Ballard hawapambi, wanashikilia. Wanarudia neno moja kama waitikiaji wa msibani, na juu ya kurudia huko Ross anapata pa kusimama. Mwaka 1967 jina lilibadilishwa likawa Diana Ross na The Supremes, na mwaka huo huo Ballard akaondolewa, nafasi yake ikachukuliwa na Cindy Birdsong. Ballard alikufa Februari 1976 akiwa na umri wa miaka 32, katika hali ngumu ya maisha. Mwanamke aliyelipa kundi jina lake hakufa akiwa mmoja wa waliolila jina hilo.

Jambo linalonisumbua zaidi ni lile la 1969. Wimbo wa mwisho wa kundi hilo kushika nafasi ya kwanza, "Someday We'll Be Together," ulitoka na jina la Diana Ross na The Supremes kwenye lebo ya sahani. Wilson na Birdsong hawamo. Sauti za nyuma ziliimbwa na waimbaji wa kukodiwa, ndugu wawili Maxine na Julia Waters. Kampuni ilikwisha kugundua kwamba jina la kundi ni mali inayoweza kutenganishwa na makoo ya wanakundi. Ukitaka kuijua tarehe ambayo kundi lilikufa, usiangalie tamasha la kuagana la Januari 1970. Angalia siku ile studioni.

Miaka 30 baadaye jambo hilo hilo lilitokea likiwa limegeuzwa juu chini. Destiny's Child wa Houston walikuwa wanne waliporekodi "Say My Name." Video yake ilipotoka mwaka 2000, LaTavia Roberson na LeToya Luckett waliwaona kwenye skrini wasichana wengine wawili, Michelle Williams na Farrah Franklin, wamesimama mahali pao. Sauti zilizokuwa zikisikika ni za wale waliotolewa. Kwa The Supremes jina lilibaki na makoo yakabadilishwa; kwa Destiny's Child makoo yalibaki kwenye wimbo na sura zikabadilishwa. Nakuomba uitazame video hiyo mara moja ukiwa umefumba macho na mara moja ukiwa umezima sauti. Utaelewa kuliko nitakavyoweza kueleza.

Kuhusu fedha sitakawia, kwa kuwa mfano mmoja unatosha. TLC wa Atlanta walitoa albamu ya CrazySexyCool mwaka 1994, iliyouza zaidi ya nakala milioni 10 Marekani peke yake. Mwezi Julai 1995, nyimbo zao zikiwa bado zinatamba, wote watatu waliomba mahakama iwatangaze kuwa wamefilisika. Gharama za kurekodi, za video na za mameneja zilikuwa zikikatwa kwenye fungu lao kabla hawajagawana kilichobaki, na kilichobaki kiligawanywa mara tatu.

Wanawake wa soko la Busia hawahitaji mwanasheria kuelewa hapo. Kundi la waimbaji lina tabia zote za chama. Kila mmoja anachanga, mchango wa mmoja hauna maana bila wa mwenzake, na amani hudumu maadamu kila mtu anajua daftari liko kwa nani. Siku daftari linapohamia kwa mtu ambaye hachangi, ugomvi umeshaanza hata kama hakuna aliyepaza sauti. Katika makundi mengi ninayoyataja hapa, daftari halikuwa kamwe kwa waimbaji. Lilikuwa kwa meneja, lebo, au mdhamini. Kwa hiyo magazeti yanapoandika kwamba kundi limevunjika kwa sababu ya wivu wa wanawake, somo letu linauliza kwanza: daftari lilikuwa wapi?

Turudi Kampala tukiwa na swali hilo. Blu*3 walifanya kazi pamoja kwa miaka kadhaa, wakaimba Kiswahili, Kiganda na Kiingereza, wakashirikiana na Radio na Weasel kwenye "Where You Are." Mwaka 2008 Cindy alitoka, na Mya Baganda akaingia. Haikuchukua miaka mingi kundi likaisha. Lililofuata ndilo linaloonyesha uzito waliokuwa nao: wote watatu wa mwanzo walisimama peke yao na wakasikika. Jackie Chandiru, mtoto wa West Nile, aliimba "Agassi" na kujiita Malkia wa Nile. Baadaye alipita katika miaka migumu ya uraibu wa dawa, akaja kuusema hadharani kwa ujasiri ambao naustahi. Lilian Mbabazi alijenga muziki wa bendi ya moja kwa moja jukwaani, jambo gumu katika jiji lililozoea waimbaji wanaofuatisha sidii. Cindy alikuwa mwimbaji wa jukwaani asiye na mfano na akaja kukiongoza Chama cha Wanamuziki wa Uganda. Kwa kawaida tunaambiwa kundi hutoa nyota mmoja. Blu*3 lilitoa watatu, na hili linapaswa kuwashtua wanaoamini hadithi ya Diana Ross kama sheria ya maumbile. Kwa maoni yangu, chanzo ni kwamba katika nyimbo zao uongozi ulikuwa ukipokezanwa. Hakuna aliyepewa kazi ya kudumu ya kuitikia, kwa hiyo hakuna masikio yaliyosahau kwamba fulani anajua kuanzisha.

Kenya nayo ilikuwa na Tattuu, wanawake watatu wa Nairobi waliotamba mwanzoni mwa miaka ya 2000: Angela Ndambuki, Angela Mwandanda na Debbie Asila. Ndambuki alikuwa mwanasheria. Baada ya kundi alikwenda kuongoza PRISK, chama kilichokuwa kikikusanya mirabaha ya waimbaji na wapiga ala nchini Kenya, kisha akaongoza Chama cha Kitaifa cha Wafanyabiashara na Wenye Viwanda, na mwaka 2020 akateuliwa kuiongoza IFPI, shirikisho la kimataifa la makampuni ya kurekodi, katika Afrika kusini mwa Sahara. Huu ni mkondo wa maisha ambao haumo katika vitabu vya Marekani nilivyovisoma: mwimbaji wa kundi la kike aliyekwenda mwenyewe kulishika daftari.

Na daftari la mpakani lina kurasa mbili. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ni ya 2001. Ya Uganda ni ya 2006. Upande wa Kenya, kwa miaka mingi, chama cha mtunzi kilikuwa MCSK, cha mwimbaji PRISK, cha mwenye rekodi KAMP. Upande wa Uganda kuna UPRS. Wimbo mmoja wa Blu*3 ukipigwa usiku mmoja kwenye baa mbili zilizotenganishwa na mwendo wa dakika 5, unaingia katika taratibu mbili za malipo zisizofanana. Kituo cha pamoja cha forodha kilizinduliwa Busia Februari 2018 na Marais Kenyatta na Museveni, na tangu hapo msafiri hugongewa muhuri mahali pamoja. Nyimbo bado hazina kituo chao. Mwanafunzi wa sheria anayetafuta mada ya tasnifu asiende mbali.

Kuna mahali pengine ambako sauti ya pili hupotea mbele ya macho yetu. Simama kwenye vibanda vya kuwekea nyimbo kwenye flashi na memori kadi, vile vyenye kompyuta moja, spika inayoelekezwa barabarani na karatasi ya bei iliyobandikwa kiooni. Mtazame kijana anavyofungua mafaili yake. Folda zimepangwa kwa mtindo, kwa mwaka, au kwa jina la DJ aliyechanganya. Ndani yake, wimbo wa kundi mara nyingi umeandikwa jina la mwanakundi mmoja, yule aliyevuma baadaye. Faili hiyo ikinakiliwa kwa mwendesha boda boda, kisha kwa dereva wa lori, itafika Kisangani au Juba ikiwa na jina moja tu. Hakuna mwenye nia mbaya. Ni hivyo tu ambavyo historia huandikwa upya kila siku kwa herufi chache zinazotosha kwenye kioo kidogo. Ukimwambia kijana akuonyeshe folda ya nyimbo za zamani, nakili majina ya mafaili jinsi yalivyo, pamoja na makosa yake, maana makosa hayo ni ushahidi.

Makundi ya wanawake hayakuanza na televisheni, na msomaji akilisahau hili atapotea. Mombasa ilikuwa na vyama vya lelemama vilivyoshindana kwa miaka mingi, Ibinaal Watan na Banu Saada vikiwa maarufu, vyenye vyeo, michango na wafuasi. Margaret Strobel, katika kitabu chake cha 1979 juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa, anaonyesha jinsi vyama hivyo vya ngoma vilivyokuwa shule ya uongozi kwa wanawake. Zanzibar wanawake waliunda klabu zao za taarab, kama Nuru el-Uyun, na mwaka 2009 Mariam Hamdani akaanzisha Tausi, ambamo wanawake wanapiga ala wenyewe, udi na kanuni wakiwa nazo mikononi. Dar es Salaam ya miaka ya 1960 ilikuwa na Women Jazz Band. Ukambani ya miaka ya 1980 ilitupa Kalambya Sisters, ambao kibao chao "Katelina" kilichezwa na kuzozaniwa mbali na Ukambani. Waliimba juu ya magitaa ya wanaume, na wasikilizaji wengi waliowapenda hawakuwahi kujua jina la hata mmoja wao, nje ya lile la pamoja.

Afrika Kusini iko kwenye ukoo huu pia. Mnamo miaka ya 1950 Miriam Makeba aliimba na The Skylarks, wanawake waliosikiliza makundi ya Marekani, wakachukua namna ya kupanga sauti na kuimba kwa lugha zao. Mwaka 1964 wakaja Mahotella Queens. Hao ndio daraja kati ya Detroit na Kampala ambalo vitabu vingi hulivuka bila kuangalia chini.

Ukitaka wenzako wa safari katika kusoma, wapo. Jacqueline Warwick, katika Girl Groups, Girl Culture ya 2007, ndiye aliyewalazimisha wasomi kuyachukua kwa uzito makundi ya Marekani ya miaka ya 1960. Sylvia Nannyonga-Tamusuza wa Makerere aliandika juu ya baakisimba na namna ngoma ya Baganda inavyofundisha uke na uume; kitabu hicho cha 2005 kitakupa macho ya kutazama jukwaa lolote la Kampala. Jean Kidula, mwenyeji wa magharibi mwa Kenya, alichapisha mwaka 2013 kitabu juu ya nyimbo za kanisa za Walogooli, na mtu wa kwaya atajiona ndani yake. Joyce Nyairo ameandika juu ya muziki wa mijini wa Kenya kwa kalamu isiyochosha. Kama muda wako unatosha kitabu kimoja tu, na wewe ni mtu wa Busia, chukua cha Kidula. Hakizungumzii makundi ya kibiashara, lakini kinaeleza vizuri mahali masikio ya waimbaji wetu yalikotengenezwa, na mengine utayaunganisha mwenyewe.

Kazi ya hapa nyumbani bado haijafanywa, na hiyo ndiyo sababu nimeandika kwa hamu hii. Busia na Malaba zimejaa wanawake waliowahi kuimba: katika makundi ya shule yaliyofika mashindano ya taifa, katika kwaya zilizorekodi kanda zikauzwa stendi, nyuma ya bendi zilizopiga kwenye hoteli za mpakani, katika vikundi vya kumsindikiza mwanasiasa jukwaani wakati wa kampeni. Wengi wao sasa wanauza omena, wanafundisha, wanalima, wanashughulikia mizigo kwenye geti. Kanda zao ziko kwenye makasha chini ya vitanda na utepe unaanza kushikana. Ukienda kwa mama wa namna hiyo, usianze kwa kumuuliza nani alikuwa akiongoza, maana atakujibu jina moja na mazungumzo yataisha. Muulize alisimama upande gani, na kulia kwake alisimama nani. Muulize nani alimfundisha sehemu yake na kama bado anaikumbuka. Akikubali kuiimba, rekodi hata kama ni noti tatu. Andika majina yote anayokutajia, ya Wateso, ya Wasamia, ya Wakhayo, ya waliotoka ng'ambo wakaolewa huku, na uyaandike kama yeye anavyoyatamka. Muulize kwa upole walilipwa nini na nani aliwagawia. Mwombe ruhusa kabla ya kuwasha simu, na tena kabla ya kumsikilizisha mtu mwingine. Nyimbo za msiba hasa zina wenyewe. Kisha vuka geti ukamtafute mwenzake wa upande wa pili, kwa kuwa karibu kila kundi la hapa lilikuwa na mmoja.